Tumuenzi vipi mshambuliaji wetu wa zamani akiwa bado anatusikia?

Mwana wa Majengo, Moshi, anauliza:

Habari za jioni, ndugu zangu. Naomba ushauri wa watu wenye busara, hasa waliowahi kuuguza mtu wa karibu au kuongoza kamati ya jambo linalofanana na hili.

Wapo humu watakaomkumbuka mshambuliaji tuliyemwita Namba Tisa, aliyeichezea timu ya mtaa wetu katika miaka ya 1980. Jina lake sitalitaja kwa sababu familia haijaniruhusu, lakini aliyekuwa mtoto wakati ule na kukaa kando ya uwanja wa Majengo Jumapili alasiri atajua ninamsema nani. Alikuwa na mguu wa kushoto wenye nguvu kiasi kwamba sisi tuliokaa nyuma ya goli tulianza kuhama kabla hajapiga. Mechi ikiisha hakuondoka mpaka amempa mkono kila mtoto aliyesubiri kando ya mstari na kumuuliza anasoma darasa la ngapi, na Jumapili iliyofuata alikumbuka jibu. Mimi nilimwambia kwamba hesabu za sehemu zinanishinda, akanifuatilia kwa muhula mzima.

Tangu mwaka jana anaugua saratani ya umio, yaani njia ya kupitishia chakula kutoka kooni hadi tumboni. Alipata matibabu, na mwezi uliopita madaktari walimweleza yeye na mkewe kwamba ugonjwa umefika mahali pasipo na tiba ya kuuondoa. Amerudi nyumbani kwake Kibosho. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta mkewe akimnywesha maziwa ya uvuguvugu kwa kijiko cha chai. Kila baada ya kijiko kimoja alisubiri mpaka aone koo limetulia ndipo achote kingine, na kikombe kile kimoja kilichukua karibu saa nzima. Mtori, chakula alichokipenda kuliko vyote, haupiti tena hata ukichujwa.

Sisi tuliokuwa watoto wa kando ya mstari tumeunda kundi la simu na tumefika watu zaidi ya sitini, wengine wakiwa Arusha, Dar es Salaam na ng'ambo. Mapendekezo ni mengi kuliko makubaliano. Wapo wanaotaka mechi ya heshima katika Uwanja wa Ushirika, aletwe kwa gari na kuzungushwa uwanjani watu wamshangilie kwa mara ya mwisho. Wapo wanaotaka fulana zenye picha yake, na wapo wanaosema tuchange fedha tuzipeleke basi. Katikati ya mjadala huo mmoja wetu, ambaye naamini hakuwa na nia mbaya, alimpiga picha akiwa kitandani na kuirusha kwenye kundi. Haikupita saa moja ilikuwa imefika kwenye makundi mengine, na binti yake alinipigia simu akilia.

Kinachonikosesha usingizi ni jambo la zamani kidogo. Golikipa wa timu hiyohiyo alipofariki tulikodi mabasi mawili, tukanunua jeneza la bei kubwa na kusoma risala iliyowaliza watu. Baada ya arobaini mjane aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba katika miezi yake ya mwisho mumewe alikosa kliniki mara mbili kwa sababu ya nauli, na kwamba alikuwa akiuliza kama wale vijana wa Majengo bado wapo mjini. Tulikuwepo, tena mimi nilikuwa nikipita njia ya kwao kila siku.

Naomba kujua: mtu anayejua kwamba hatapona anashukuriwa vipi bila kuchoshwa, bila kuaibishwa, na bila kuonekana kwamba tumeanza msiba kabla ya wakati? Je, lipo jambo la aina hii lililowahi kufanywa vizuri mahali popote?

Mkazi wa Njiro, Arusha, anajibu:

Pole sana, ndugu, na mfikishie mama salamu zetu. Nitakueleza jambo nililolishuhudia ugenini, katika mchezo ambao wengi wetu hatuufuati, kwa sababu ni miongoni mwa machache niliyoyaona yakifanywa vizuri.

Mwaka 2011 nilikuwa nikiishi Minneapolis, Marekani, nikifanya kazi jikoni katika nyumba ya kutunzia wazee. Mji ule una timu ya besiboli iitwayo Minnesota Twins, na mchezaji wao aliyependwa kuliko wote alikuwa Harmon Killebrew. Katika besiboli, mpigaji akiupiga mpira ukavuka uzio ukiwa bado hewani, anazunguka vituo vyote bila mtu wa kumzuia, na hilo ndilo pigo ambalo watazamaji huliendea uwanjani. Killebrew alipiga mapigo ya namna hiyo 573, na alipoacha kucheza mwaka 1975 walikuwepo wanne tu katika historia ya ligi kuu waliomzidi. Moja kati ya hayo, la Juni 1967, lilikwenda mbali sana hadi kwenye viti vya juu. Uwanja ule ulishavunjwa na mahali pake pamejengwa jumba kubwa la maduka, lakini kiti chekundu kimening'inizwa juu ukutani kuonyesha mpira ulipofikia. Nilipelekwa kukitazama wiki yangu ya kwanza mjini, kama vile mgeni wa Moshi anavyoonyeshwa mlima mawingu yanapofunguka.

Lakini watu hawakumpenda kwa nguvu za mikono peke yake. Alikuwa mpole, na alikuwa na msimamo mmoja aliowafundisha wachezaji vijana mpaka uzeeni mwake: unapomwekea shabiki saini, andika jina lako lote kwa herufi zinazosomeka, kwa sababu aliyesimama kukusubiri anastahili kujua amepewa saini na nani. Mama mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa na mpira aliosainiwa akiwa msichana mdogo. Wino ulikuwa umegeuka rangi ya kahawia, lakini herufi zote za jina zilisomeka, mpaka ile ya mwisho.

Mwezi Desemba 2010 Killebrew aligundulika kuwa na saratani ya umio, ugonjwa uleule wa Namba Tisa wenu, na ndiyo sababu habari yako imenigusa hivi. Ijumaa ya tarehe 13 Mei 2011 alitoa taarifa kwa jina lake mwenyewe. Alisema kwamba mapambano yake yanafikia mwisho, kwamba madaktari wake wameona ugonjwa hauponi, na kwamba anaacha matibabu ili apate uangalizi wa kumtuliza katika siku zilizobaki, mkewe akiwa pembeni yake. Akawashukuru mashabiki. Aliongeza jambo ambalo wengi walikuwa wamelisahau: kwa muda wa miaka kumi alikuwa akizunguka kuwaelimisha watu kuhusu huduma hiyo ya wagonjwa wasiopona, kwa hiyo hakuwa na hofu ya kuipokea yeye mwenyewe.

Siku ile mji ulibadilika sauti. Nje ya uwanja mpya ipo sanamu yake ya shaba akiwa amemaliza kuzungusha gongo la kupigia mpira, na watu wakaanza kuweka maua na kofia pale chini. Yule mama wa jikoni hakwenda kwenye sanamu. Alikaa kwenye ngazi za nyuma wakati wa mapumziko akaandika barua ya ukurasa mmoja, kisha akanisomea. Haikuwa na neno la pole. Ilieleza siku ambayo baba yake, aliyekuwa mtu mkali asiyecheka, alimpandisha mabegani uwanjani ili aone pigo la Killebrew, na kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kubebwa na baba yake hivyo. Aliandika asante, akaweka saini ya jina lake lote, herufi kwa herufi.

Killebrew alifariki Jumanne iliyofuata, tarehe 17 Mei, akiwa na miaka 74. Sijui kama barua ile ilimfikia. Zilikuwa siku nne tu.

Ninayoyaona mimi ni haya. Kwanza, yeye ndiye aliyefungua mlango. Watu walipita kwa sababu aliwaita. Pili, shukrani zilizokuwa na uzito hazikuwa zile za kusema yeye ni shujaa na nguzo na mengine ya risala, bali zile zilizotaja siku moja na jambo moja. Tatu, siku nne ni chache sana. Msisubiri kamati ikubaliane kuhusu rangi ya fulana.

Mzee wa Kiboriloni anajibu:

Vijana wangu, nimesoma yote na ninaheshimu moyo wenu, lakini kuna neno lazima mtu mzima aliseme. Kumkusanyia mgonjwa umati ili ashangiliwe kwa mara ya mwisho ni uchuro. Huku kwetu mgonjwa haagwi. Mtu huenda na maziwa au mkungu wa ndizi, anapiga hodi, anakaa, anazungumza habari za mvua na bei ya kahawa, na mgonjwa mwenyewe ndiye anayechagua kama mazungumzo yafike kwenye ugonjwa au yaishie kwenye kahawa. Huyo Mmarekani alijitangazia mwenyewe, na kwao huenda ni sawa. Namba Tisa amejitangazia? Kama hajasema, msimsemee. Na huo mpango wa kumzungusha uwanjani ndani ya gari, mtu ambaye hamezi hata maziwa, naomba ufutwe leo hii kabla haujamfikia masikioni.

Muuguzi, Sakina, Arusha, anajibu:

Shikamoo, Mzee wa Kiboriloni. Nimefanya kazi ya huduma shufaa, yaani ya kuwatuliza wagonjwa wa aina hii, kwa miaka mingi, nikiwafuata wagonjwa majumbani, na ninakubaliana nawe kwa sehemu kubwa. Ninapotofautiana nawe ni hapa: wagonjwa wengi niliowahudumia walishajua hali yao muda mrefu kabla ya watu kuthubutu kuitaja, na kilichowaumiza kilikuwa ule ukimya wa watu wanaowapenda, pale kila mgeni anapoingia na habari za mvua na kutoka nazo. Kwa hiyo asiulizwe na umati. Aulizwe na mtu mmoja anayemwamini, akiwa ametulia, kwa maneno mepesi kama haya: "Mzee, vijana wako wa Majengo wanakukumbuka na wanataka kukushukuru. Ungependa waje, waandike, au wakuache upumzike kwanza?" Kisha muulizaji anyamaze na kusubiri.

Sasa niseme ya kitandani, maana saratani ya umio ina ukatili wake. Njia ya chakula inazibwa pole pole: kinaanza kukwama chakula kigumu, kisha laini, mwishowe hata mate yanakuwa shida. Wageni wetu kwa upendo wao huja na vyombo vitatu vya chakula na kumbembeleza mgonjwa ajitahidi. Tafadhali msifanye hivyo. Kila kijiko anachokikataa mbele ya mgeni kinamfanya ajione ameshindwa, na akilazimishwa kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Yule mama anayechota kijiko kimoja na kusubiri anafanya kazi nzuri kabisa, na mkimsaidia kufua, kuchota maji na kukata majani ya ng'ombe mtakuwa mmemhudumia mgonjwa kuliko mlivyodhani.

Maumivu yanatibika. Ipo dawa ya mofini ya maji ambayo mgonjwa hunywa kwa kipimo, na pale asipoweza kumeza zipo njia nyingine. Familia nyingi huiogopa zikidhani kwamba itaharakisha kifo au itamfanya mgonjwa awe mtumwa wa dawa. Ikitolewa na mtaalamu kwa kipimo sahihi haifanyi hivyo. Inamwezesha kulala na kuzungumza na watoto wake. Ulizeni katika hospitali anayohudhuria kama wana timu ya huduma shufaa inayofika nyumbani. Hapa Arusha, Hospitali ya Selian imekuwa ikiwafuata wagonjwa majumbani kwa muda mrefu, na huduma ya namna hiyo haistahili kuombwa siku mbili za mwisho tu. Alichokifanya Killebrew kwa miaka kumi, yaani kuwaeleza watu kwamba kutulizwa ni haki ya mgonjwa na si kukata tamaa, bado tunakihitaji sana huku.

Wageni wawe wawili au watatu kwa wakati mmoja, kwa dakika kumi na tano hivi, na simu zikae mifukoni.

Mniwie radhi nitoke nje ya swali kidogo, kwa kuwa watu zaidi ya sitini mnasoma hapa na wengi wenu mna familia. Afrika Mashariki ni miongoni mwa maeneo ya dunia yanayoonewa sana na saratani hii, na Kilimanjaro imo. Mbali na pombe na tumbaku, mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walieleza kwamba vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 huenda vinachangia. Chai na uji viacheni vipoe kidogo kabla ya kunywa, hasa watoto.

Mfuatiliaji wa Michezo, Usa River, anajibu:

Nami niongeze kuhusu wapigaji wawili wa besiboli waliomtangulia Killebrew, kwa sababu hoja ya kumpeleka mgonjwa uwanjani isitupwe wala isikubaliwe kabla ya kutazama ilivyokuwa kwao.

Wa kwanza ni Lou Gehrig wa New York Yankees. Alicheza mechi 2,130 mfululizo bila kukosa hata moja, mpaka mwili ulipoanza kumkataa. Mwezi Juni 1939 aliambiwa kwamba ana ugonjwa wa neva unaoidhoofisha misuli hadi kifo, na tarehe 4 Julai mwaka huohuo timu yake ikamwandalia siku ya heshima mbele ya watu zaidi ya 60,000. Gehrig hakuwa mzee. Alikuwa na miaka 36. Alisimama kichwa ameinamisha, na zawadi alizopewa ikabidi ziwekwe chini kwenye nyasi, kwa kuwa mikono haikuwa tena na nguvu ya kuzishika. Alikuwa karibu akatae kusema. Hatimaye akasogea kwenye kipaza sauti na kusema kwamba anajihesabu kuwa mtu mwenye bahati, akawataja wazazi, mke, wenzake, hata watunzaji wa uwanja. Siku hiyo namba yake, 4, iliwekwa kando asiivae mtu mwingine, na ilikuwa mara ya kwanza kwa jambo hilo kufanyika katika ligi kuu ya Marekani. Alifariki tarehe 2 Juni 1941. Kwa hiyo siku ile haikuwa ya mwisho wake. Alibaki na karibu miaka miwili ya kuikumbuka.

Wa pili ni Babe Ruth, mwenye mapigo 714. Alirudi katika uwanja wa Yankees tarehe 13 Juni 1948, saratani ikiwa imemla na sauti ikiwa imekauka, akasimama mbele ya watu akiegemea gongo kama mkongojo. Alifariki tarehe 16 Agosti. Sasa tazama suala lenu la picha. Wapiga picha wengi walisimama mbele yake. Mmoja, Nat Fein, alizunguka akasimama nyuma. Picha yake inaonyesha mgongo, namba 3 ikiwa pana juu ya jezi iliyolegea mwilini, kofia mkononi, na umati kwa mbali. Uso uliokonda hauonekani, na hakuna anayeitazama akashindwa kujua kwamba ni Ruth na kwamba anaondoka. Mwaka uliofuata picha hiyo ilipata tuzo ya Pulitzer. Laiti yule ndugu aliyempiga Namba Tisa picha kitandani angefikiria kwanza asimame wapi, hata kama hana nia ya tuzo.

Wote wawili walifika uwanjani kwa miguu yao. Namba Tisa hawezi, nami nakubaliana na Mzee. Lakini uwanja unaweza kumfuata. Timu ya watoto wa mtaa bado ipo. Andikeni namba 9 iwekwe kando kwa heshima yake, na apelekewe habari hiyo na watoto wenyewe.

Mwana wa Majengo, Moshi, anarudi:

Ndugu zangu, nashukuru kuliko ninavyoweza kueleza. Shikamoo, Mzee, mpango wa gari ulifutwa usiku uleule, na aliyeupendekeza ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema ufutwe.

Nilifanya kama Dada Muuguzi alivyoelekeza. Jumatano nilipanda Kibosho peke yangu, nikamsaidia mama kukata majani ya ng'ombe, na jua lilipopungua ukali mzee akaomba akalishwe nje chini ya mparachichi. Nilimuuliza kwa maneno yaleyale na nikanyamaza. Alikaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani nimekosea. Kisha alisema kwa sauti ya chini: "Najua ninakokwenda. Waambie waandike, wasije wote." Akaongeza kwamba hataki picha, na kwamba akizikwa watamsifu asisikie, kwa hiyo wamsifu sasa ila wasimdanganye.

Kuhusu namba 9 alikataa kabisa. Alisema jezi ikikaa kabatini italiwa na nondo. Apewe mtoto anayejua kupiga, na huyo mtoto aulizwe anasoma darasa la ngapi. Kwa hiyo ndugu wa Usa River, tutakwenda kinyume na Yankees, lakini kwa amri ya mwenye namba.

Fedha hazikuleta mjadala mrefu. Zinakwenda moja kwa moja kwenye simu ya mkewe, hazipiti kwa mweka hazina yeyote, na nauli za kliniki zimeshatengwa kwanza. Timu ya huduma shufaa ilifika Ijumaa, na mama anasema usiku ule mzee alilala mpaka alfajiri.

Barua zilizokwishafika ni kumi na tisa. Nilizibandika kwenye daftari kubwa la hesabu, na Jumamosi binti yake alianza kumsomea, tatu tu, maana tulikubaliana tusimchoshe. Ya pili iliandikwa na mwenzetu aliyeko Dodoma, akieleza bao la dakika za mwisho dhidi ya timu iliyotoka Tanga, mvua ikinyesha, alivyoupokea mpira kifuani na kuupiga kwa ule mguu wa kushoto. Binti alipofika hapo mzee aliinua kidole. Alifumba macho kidogo kama mtu anayetazama kitu cha mbali, akasema: "Hapana. Lile nilipiga kwa wa kulia. Wa kushoto ulikuwa umekwama kwenye tope." Binti alichukua kalamu akafuta neno moja na kuandika lingine juu yake, akamwonyesha baba yake ukurasa ili athibitishe, ndipo akaendelea kusoma.

Wanaotaka kuandika bado wana nafasi, lakini msicheleweshe. Barua zipokelewe kwa fundi viatu aliye mkabala na lango la uwanja wa Majengo, nami nazipitia kila jioni kabla ya kupanda Kibosho. Kila mtu aandike siku moja na jambo moja, asizidishe ukurasa, aweke jina lake lote, na aandike kwa herufi kubwa zinazosomeka, kwa sababu binti husomea kwenye mwanga wa taa ya sola na mzee hupenda kuambiwa ni nani hasa anayezungumza naye.